Daftari la Babu: Historia Fupi ya Kuhesabu Watoto Walioumizwa

Marehemu babu yangu alikuwa mwenyekiti wa kijiji chetu, magharibi mwa Uganda. Katika daftari lake nimesoma kesi za mipaka ya mashamba, mbuzi walioibwa na madeni. Kesi ya mtoto aliyeumizwa sikuiona hata moja, ingawa nilisoma na watoto waliokuja darasani na makovu. Mambo hayo yalimalizwa nyumbani. Ndipo nikajiuliza: mataifa yalianza lini kuwahesabu watoto hawa, na kwa njia gani?

Njia ya kwanza ni kuhesabu kesi zilizoripotiwa. Nchini Marekani, mwaka 1962, daktari C. Henry Kempe na wenzake walichapisha majibu ya hospitali 71 kuhusu watoto waliopigwa na walezi wao. Walipata watoto 302, na 33 kati yao walikuwa wamefariki. Kufikia mwaka 1967, majimbo yote yalikuwa na sheria ya kuripoti. Sheria ya kitaifa ilifuata mwaka 1974, na marekebisho ya 1988 yakaleta mfumo wa kukusanya taarifa za majimbo yote. Humo, kesi nyingi zaidi si za vipigo bali ni za watoto wasiotunzwa: wanaonyimwa chakula, matibabu au uangalizi.

Kasoro ya njia hii ni kwamba humwona tu mtoto aliyesemewa na mtu mzima. Kwa hiyo njia ya pili humwuliza kijana mwenyewe. Mwaka 2009 Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kufanya utafiti wa namna hiyo kitaifa kwa wasichana na wavulana, ikiwahoji vijana wa miaka 13 hadi 24 katika kaya zao. Uganda ilifanya wake mwaka 2015. Matokeo yalitolewa mwaka 2018: kati ya vijana wa miaka 18 hadi 24, asilimia 35 ya wasichana na asilimia 17 ya wavulana walisema walifanyiwa ukatili wa kingono utotoni. Ukatili wa mwili uliwapata asilimia 59 na 68.

Hata hivyo, utafiti huo ulijikita katika ukatili wa mwili, wa kingono na wa kihisia. Mtoto asiyetunzwa, anayeongoza katika hesabu ya Marekani, kwetu bado yuko kivulini. Tena utafiti wa kaya hubisha hodi milangoni, na mtoto anayelala barabarani hana mlango.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa maoni yangu, tunahitaji njia zote mbili: utafiti utuonyeshe ukubwa wa tatizo, na daftari la kijiji limfikishe mtoto mmoja mmoja kwenye msaada. Babu hakuwa mtu mbaya. Aliandika yale aliyoletewa, na mtoto hakuwa na wa kumpeleka.