Udaktari nchini Tanzania: njia zilizopo kwa mwenye alama ndogo

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, suala la aina moja hurudi katika nyumba nyingi hapa Uganda. Mtoto amefaulu, lakini si kwa kiwango cha kuitwa Makerere, Mbarara au Gulu kusomea udaktari, na mzazi hana uwezo wa kulipia nafasi ya kujigharamia. Ndipo macho huelekea ng'ambo ya ziwa, Tanzania, ambako inasemekana kwamba kuingia ni rahisi. Usemi huo una ukweli kiasi, lakini umewapotosha wengi. Makala haya yanaeleza sharti la udahili linavyosomwa huko, vyuo vinavyotofautiana, na jambo moja ambalo mwombaji mwenye alama ndogo hana budi kulihakikisha kabla ya kulipa chochote.

Sharti la chini na hesabu mbili zinazokinzana

Udahili wa vyuo vikuu vya Tanzania husimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ambayo huchapisha mwongozo kila mwaka. Shahada ya Udaktari wa Tiba huchukua miaka 5, kisha mhitimu hutumikia mwaka mmoja wa utarajali hospitalini. Kwa miaka ya karibuni mwongozo umedai mambo mawili kwa pamoja: jumla isiyopungua pointi 6 katika Fizikia, Kemia na Baiolojia, na alama isiyo chini ya D katika kila somo kati ya hayo matatu. Katika hesabu hii A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kwa hiyo mwenye D tatu amefikia kizingiti barabara, bila hata pointi moja ya ziada.

Kinachowachanganya wageni ni kwamba Watanzania wana hesabu nyingine ya pointi, ile ya kupanga madaraja ya ufaulu, nayo huenda kinyume. Humo A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na E ni 5, na mwenye pointi chache ndiye aliyefaulu zaidi. Mwenye D tatu ana pointi 12, yaani yuko mwisho kabisa wa daraja la pili. Tuchukue sasa mwanafunzi mwenye C katika Kemia, C katika Baiolojia na E katika Fizikia. Kwa madaraja ana pointi 11, kwa hiyo amemzidi yule wa D tatu. Kwa hesabu ya udahili ana 7 dhidi ya 6, amemzidi tena. Hata hivyo ni yule wa D tatu anayestahili kuomba udaktari, na huyu wa pili hastahili, kwa sababu ya ile E moja ya Fizikia.

Mtahiniwa wa Uganda ana shida ya ziada. Kwetu A huhesabiwa pointi 6, B 5, C 4, D 3 na E 2, na vyuo vya umma huzidisha pointi hizo kwa uzito wa somo: mara tatu kwa masomo ya lazima, mara mbili kwa somo linalohusiana. Wasichana huongezewa pointi 1.5. Hakuna lolote kati ya hayo linalovuka mpaka. Cheti cha Uganda hupelekwa kwanza Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, ili kilinganishwe na cha huko, na ulinganisho huo ndio unaosomwa na chuo. Anayejigeuzia alama mwenyewe mezani kwake anapoteza muda.

Lililo zito zaidi ni mchanganyiko wa masomo, ambao Watanzania huuita tahasusi. Uganda huhesabu Baiolojia na Kemia kuwa masomo ya lazima kwa udaktari, na somo la tatu laweza kuwa Fizikia au Hisabati. Tanzania huitaka Fizikia kwa jina. Mwanafunzi wa Uganda aliyesoma Baiolojia, Kemia na Hisabati, hata awe na alama nzuri, hukuta sharti hilo limemkingia njia, wakati jirani yake mwenye alama duni lakini aliyesoma Fizikia hupita. Hili halielezwi shuleni wakati watoto wanapochagua masomo, nalo lingestahili kuelezwa mapema.

Kustahili si kuchaguliwa

Kufikia pointi 6 humpa mtu haki ya kuomba tu. Baada ya hapo ni ushindani, na vyuo havilingani hata kidogo. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, kilichotokana na shule ya udaktari iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1963, huvuta wanafunzi wenye alama za juu kabisa nchini. Mwenye D tatu anayepeleka ombi Muhimbili peke yake ametupa mwaka. Vyuo vingine vya umma, kama vile Chuo Kikuu cha Dodoma, navyo hujaa haraka, kwa sababu ada yake ni nafuu.

Nafasi halisi ya mwenye alama ndogo mara nyingi iko katika vyuo vya binafsi na vya mashirika ya dini. Kuna Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afya na Sayansi Shirikishi kilichoko Bugando, Mwanza, kilichoanza mwaka 2003. Chuo cha KCMC kilichoko Moshi. Chuo Kikuu cha Kairuki, Dar es Salaam. Na chuo cha Mtakatifu Fransisko, Ifakara. Lakini hata kati ya hivi, Bugando na KCMC vina sifa kubwa na waombaji wengi, na aliye kizingitini asivihesabu kuwa vya akiba.

Tangu mwaka 2017 kila mwombaji hupeleka maombi chuoni moja kwa moja, na anaruhusiwa kuomba zaidi ya chuo kimoja. Akichaguliwa na vyuo viwili au zaidi, huthibitisha kimoja. Udahili hufanyika kwa awamu. Nafasi zilizobaki katika awamu ya kwanza hutangazwa katika ya pili. Kwa mwenye alama za chini, awamu ya pili ina thamani kubwa kuliko inavyodhaniwa, maana wenye alama za juu huwa wamekwisha kuthibitisha kwingine. Ofisi ya udahili ikiulizwa kwa adabu alama ya mwisho iliyopokelewa mwaka uliopita, aghalabu hujibu, na jibu hilo moja ni bora kuliko vipeperushi vyote vya chuo.

Neno moja kuhusu hospitali. Chuo cha udaktari hupimwa kwa wodi zake. Bugando na KCMC ni hospitali za rufaa za kanda, zinazopokea wagonjwa kutoka mikoa mingi, na mwanafunzi wa mwaka wa tatu huona humo magonjwa ambayo mwenzake wa chuo kisicho na hospitali kubwa huyasoma kitabuni tu. Masomo hufundishwa kwa Kiingereza, lakini mgonjwa hueleza maumivu yake kwa Kiswahili. Wasikilizaji wetu wanaokisema Kiswahili tangu utotoni wana faida hapo ambayo Waganda wengine huitafuta kwa miezi.

Kutambuliwa nyumbani

Mwenye alama ndogo ndiye anayefuatwa na mawakala. Huahidiwa nafasi bila Fizikia, au bila cheti kulinganishwa, almradi alipe. Hatari yake haionekani mwaka wa kwanza. Huonekana baada ya miaka mitano, mhitimu anaporudi kujiandikisha katika Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Uganda, nalo likachunguza chuo chake na vyeti alivyoingilia. Shahada isiyomruhusu mtu kutibu imemgharimu ada, ujana na mara nyingine shamba la familia.

Mabaraza ya madaktari ya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hukagua vyuo vya udaktari kwa pamoja, na matokeo ya ukaguzi huo ndiyo msingi wa kutambuliana. Hali ya chuo inaweza kubadilika: mwaka 2017 TCU ilivizuia vyuo kadhaa kudahili wanafunzi wapya hadi virekebishe kasoro zake. Kwa hiyo ulizo la Kampala lifanywe kwa maandishi, kwa mwaka husika, na jibu lihifadhiwe pamoja na vyeti.

Njia ya stashahada

Kwa aliyekosa kizingiti, kuna njia ndefu lakini iliyo halali. Stashahada ya utabibu huchukua miaka 3 na mwanafunzi huanza na vyeti vya kidato cha nne. Tabibu aliyehitimu kwa wastani wa B, au GPA isiyopungua 3.0, anaweza kuomba Shahada ya Udaktari wa Tiba, mradi kidato cha nne awe na angalau D katika Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza. Uganda nayo huwapokea wenye stashahada kwa mlango wao maalumu. Jumla huwa miaka 8 badala ya 5, lakini katikati mtu ana kazi mkononi. Wengine huchagua kurudia mtihani. Kwa aliyekwama kwa E moja tu hilo laweza kutosha. Kwa aliyeanguka masomo mawili, stashahada ina busara zaidi.

Kuhusu fedha, Bodi ya Mikopo ya Tanzania huwakopesha raia wake peke yao, na ada ya vyuo binafsi huzidi ya vyuo vya umma mara kadhaa. Baadhi ya vyuo hutoza wageni kwa dola. Mzazi aombe orodha ya ada ya miaka yote 5, si ya mwaka wa kwanza tu, na kuongeza gharama ya kibali cha kuishi cha mwanafunzi.

Kalenda za nchi hizi mbili humsaidia anayejipanga. Matokeo ya Uganda hutoka mwanzoni mwa mwaka, ilhali ya Tanzania hutoka katikati ya mwaka, na udahili hufuata hapo. Miezi hiyo ya katikati inatosha kulinganisha vyeti NECTA na kupata jibu la baraza la Kampala. Mwongozo wa TCU hutolewa katika vitabu viwili, kimoja kwa waliomaliza kidato cha sita na kingine kwa wenye stashahada, na vyote viwili hupatikana bila malipo katika tovuti ya tume hiyo.