Namba ya Mfyatuo

Kwenye simu yangu, ndani ya "Kuhusu simu", kuna maneno "Nambari ya muundo". Ukiyagusa mara saba, simu inakufungulia mipangilio ya wasanidi programu. Mimi yananikera kabla hata sijayagusa. Muundo ni umbo: sentensi ina muundo, shairi lina muundo. Namba ile haisemi lolote kuhusu umbo la programu. Inaonyesha ilitoka katika utengenezaji upi; Kiingereza huiita "build number".

Kijana mmoja wa Mwananyamala anayeandika programu ya kuuzia dukani ndiye aliyenifanya nilione jambo hili kwa karibu. Wateja wake wawili wa Temeke walikuwa na toleo 2.1. Kwa mmoja risiti zinatoka, kwa mwenzake zinagoma. Kumbe toleo hilohilo alikuwa amelikompaili asubuhi, yaani kugeuza msimbo kuwa programu, akarekebisha mstari mmoja, akalikompaili tena jioni, jina hakugusa. Siku hizi hategemei kumbukumbu yake: kila akikompaili, mashine yenyewe inaongeza moja na kuipachika namba ndani ya faili. Duka la Google nalo linakataa namba iliyokwisha kutumika. Wengine huazima alama ya Git, mfumo wa kutunza historia ya msimbo; ni alama yenye herufi na tarakimu 40, inayokokotolewa kutokana na msimbo wenyewe na historia yake. Ukiongeza nukta moja ukahifadhi, unapata alama nyingine kabisa.

"Sisi tunaita bildi tu, mzee," aliniambia.

Nikaanza kutafuta neno la Kiswahili. Toleo tunalo, na ni neno zuri, ila hilo ni jina la kinachotangazwa kwa wateja. Ujenzi unanuka zege na miezi mingi. Mkupuo ulinivutia kwa siku mbili hivi.

Kisha nikapita Mbagala, kwa vijana wanaofyatua tofali kando ya barabara. Mchanga na saruji vinashindiliwa, kalibu inainuliwa, tofali linabaki limesimama, bichi, linang'aa maji. Kwenye tofali la mwisho la kila safu mmoja wao alikuwa akichora tarehe kwa msumari. Nikamuuliza ya nini.

"Yote yanafanana, mzee. Bila hiyo nitajuaje lipi la kumwagilia na lipi la kuuza?"

Kalibu ni ileile, tofali si lilelile. Basi nikasema mfyatuo: kitu kinatoka kizima kwa mara moja, na kinachofuata ni kingine hata kikiwa pacha wake. Najua neno lina utani wake. Bunduki hufyatuliwa, na Dar wenye watoto wa kufuatana huambiwa wanafyatua. Sawa tu; hata watoto hao kila mmoja ana jina lake.

Yule kijana alicheka, lakini akaliweka. Sasa chini ya skrini pameandikwa "Toleo 2.2, mfyatuo 318". Mteja wa Temeke akapiga simu siku ileile kuuliza kama programu imeanza kuuza na tofali.