Herufi ndogo kwenye dola ya Australia: ilitoka na sarafu ao iligongwa kisha?

Kwa wenye kukusanya sarafu za Australia, herufi moja ndogo inaweza kupandisha bei ya dola 1. Lakini herufi peke haitoshe, angalia vile iliingia.

Alama ya kiwanda inachongwa kwenye chapa yenyewe. Inatoka pamoja na picha, kwa kawaida imeinuka. C ni Canberra, kwenye kiwanda cha serikali kilifunguliwa mwaka 1965. Alama ya kugongwa inakuja kisha: sarafu imekwisha kutoka, wanairudisha chini ya mashini, na alama inazama ndani. Tazama kwa lupu na mwangaza wa upande. Usipitishe kidole, jasho inaharibu sarafu.

Kugonga kisha ni desturi ya zamani kule. Mwaka 1813, Gavana Lachlan Macquarie alitobolesha katikati dola za Kispania, wakagonga "New South Wales" kuzunguka tundu, juu zisitoke kwenye koloni.

Udanganyifu unapita hapo hapo: alama ya kuzama, hata fundi wa nyumbani anaweza kuigonga kwenye sarafu ya kawaida. Mbele ya kulipa, omba muuzaji akuonyeshe kadi ao kifuko ambamo kiwanda kiliiuzia.