Jitu la Kijivu Lililoshindwa na Karatasi

Hulk alizaliwa kijivu. Anayemjua kwa sinema tu ataona namtania, lakini toleo la kwanza la The Incredible Hulk, lenye tarehe ya Mei 1962 kwenye jalada, lina jitu lenye ngozi ya rangi ya majivu. Stan Lee, aliyetunga hadithi, alitaka kiumbe ambaye rangi yake haimhusishi na watu wa taifa lolote. Jack Kirby akachora, Stan Goldberg akapanga rangi, kazi ikapelekwa kwa wachapaji.

Nakala zilipotoka ikawa kichekesho. Ukurasa huu jitu lina kijivu cha simenti mbichi, ukurasa ule limekaribia weusi, mbele kidogo limepauka kama mtu aliyeinuka jana kutoka kitanda cha malaria, na mahali pengine limeingiwa na ukijani ambao hakuna aliyeuagiza. Kuanzia toleo la pili Hulk akawa kijani toka unyayo hadi utosi, na hakuna aliyejisumbua kumweleza msomaji kilichotokea.

Vitabu vya historia ya katuni za Marekani huwa ni habari za wachoraji na mashujaa wao. Mimi nimejaribu kuifuata karatasi, na karibu kila penye jambo la ajabu naikuta imetia mkono wake.

Karatasi yenyewe unaifahamu. Ni ile ya gazeti, ile anayoisokota muuza karanga ikawa pembe ya kutilia karanga za mia tano. Ni nyepesi, ya kijivujivu hata ikiwa mpya, na ina kiu: tone la wino likiigusa linatambaa. Ilichaguliwa kwa sababu moja tu, nayo ni bei.

Mwaka 1933 kampuni ya Eastern Color Printing, mjini Waterbury, Connecticut, ilikuwa ikichapa kurasa za katuni za rangi zinazotoka na magazeti ya Jumapili. Siku nyingine za wiki mashine zilikuwa na nafasi, na mashine ya uchapaji isiyozunguka inakula hela kama daladala iliyolala gereji. Harry Wildenberg wa kitengo cha mauzo, pamoja na mwenzake Max Gaines, wakaona kwamba karatasi zilezile zikipunguzwa na kukunjwa mara moja zaidi zinatoa kijitabu kinachoshikika vizuri mkononi. Cha kwanza, Funnies on Parade, kiligawiwa bure kwa wateja wa Procter & Gamble. Mwaka uliofuata Famous Funnies ikaanza kuuzwa kwenye vibanda vya magazeti kwa senti 10. Saizi ya kitabu cha katuni haikutokana na utafiti wa msomaji. Ilitokana na mkunjo. Na ile senti 10 ilidumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Bei ya kila kitu ilipanda, ya katuni ikasimama palepale, na fidia ikatafutwa kwenye idadi ya kurasa na kwenye ubora wa kila kilichopita mashineni.

Chukua kioo cha kukuzia, uinamie uso wa shujaa mzungu katika katuni yoyote ya miaka ya 1960. Ngozi inayeyuka. Kinachobaki ni uwanja wa karatasi yenye rangi ya chai ya maziwa iliyopoa, na juu yake nukta za njano na nukta za wekundu wa waridi, zimepangwa kama mahindi shambani. Karibu na shavu nukta zimevuka mstari mweusi wa uso kwa nusu milimita, kwa hiyo shujaa ana kivuli chekundu nje ya taya. Pleti ilisogea kidogo, mashine haikusimamishwa.

Utaratibu ulikuwa huu. Mchoraji alimaliza kazi yake kwa wino mweusi tu, kwenye karatasi ngumu kubwa kuliko kitabu. Picha ikapigwa na kupunguzwa, na mtia rangi akapaka nakala ndogo kwa mkono, kisha akaandika alama pembeni mwa kila kitu. Y ni njano, R ni nyekundu, B ni buluu. Namba 2 iliagiza robo ya nguvu ya rangi, 3 nusu yake, na herufi peke yake ikamaanisha rangi nzima. Ngozi ya mzungu ilikuwa Y2R2: robo ya njano, robo ya nyekundu. Ukihesabu, rangi tatu zenye hatua nne kila moja, ikiwemo hatua ya kutokuwepo, zinatoa michanganyiko 64. Hiyo ndiyo dunia yote waliyokuwa nayo, mbingu na bahari na damu, na sehemu yake kubwa ilikuwa haifai kwa sababu kwenye karatasi ile ilifanana na tope.

Karatasi hiyo ya maelekezo ilikwenda kwenye karakana kama Chemical Color Plate ya Bridgeport, Connecticut, na hapo wafanyakazi, wengi wao wanawake, walichukua plastiki zinazoonyesha upande wa pili wakaziba kwa brashi kila mahali panapohitaji kiwango fulani. Ukurasa mmoja ulikuwa na plastiki tisa: tatu za njano, tatu za nyekundu, tatu za buluu. Majina ya wanawake hao hayakuandikwa kwenye kitabu chochote. Anga nyingi za Superman zilipita mikononi mwao.

Baada ya hapo zilitengenezwa pleti zenye sehemu zilizoinuka, zikagonga karatasi kama muhuri wa ofisini unavyogonga barua, kwa kasi kubwa mno. Kwa miongo kadhaa sehemu kubwa ya katuni za Marekani ilichapwa katika mji mdogo wa Sparta, Illinois, kwenye mitambo ya World Color Press. Wino ulipogonga karatasi yenye kiu ulitanuka. Wenye kazi walilijua hilo wakaishi nalo: herufi zikaandikwa kubwa zote, maana tumbo la "a" ndogo na la "e" lingezibika; mistari ya wino ikawa minene; nywele nyeusi zikawekewa mng'ao wa buluu ili zisigeuke doa. Kijivu kilihitaji uwiano mwembamba, njano na nyekundu na buluu kidogokidogo zikae sawa ukurasa kwa ukurasa, na mashine zile hazikujua wembamba. Kijani ni njano na buluu basi. Hulk alipoteza kesi yake hapo.

Kuna mwingine aliyeipoteza vibaya zaidi. Mei 1963 Lee na Kirby walitoa Sgt. Fury and his Howling Commandos, kikosi cha Vita Kuu ya Pili, na ndani yake wakamweka Gabe Jones, askari mweusi mpiga tarumbeta. Katika toleo la kwanza Gabe akatoka na ngozi ya waridi kama wenzake. Lee alisimulia kwamba watayarishaji wa pleti walidhani ofisi imekosea, wakamsahihisha. Na hata pale ambapo hakuna aliyesahihisha, ngozi nyeusi iliwashinda: kahawia ilidai buluu iongezwe juu ya njano na nyekundu, tabaka tatu za nukta juu ya karatasi ya kijivu, na kwa miaka mingi watu weusi katika katuni walitoka wakiwa na rangi ya majivu au ya matope. Lawama ya karatasi ina mpaka, hata hivyo. Y2R2 haikushuka kutoka mbinguni. Watu walikaa wakaichagua, wakaijaribu, wakairekebisha mpaka ikapendeza, na ngozi nyingine hazikupata subira hiyo.

Sasa uzee. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa kusaga magogo, ufundi ambao Friedrich Gottlob Keller wa Ujerumani na Charles Fenerty wa Nova Scotia waliufikia kila mmoja kivyake katika miaka ya 1840. Gome huondolewa, kilichobaki chote kinakwenda, ikiwemo lignini, ile gundi inayoshikanisha nyuzi za mti. Karatasi ya bei hupikwa kwa kemikali hadi lignini itoke. Ya gazeti inabaki nayo, na lignini ikikutana na mwanga na hewa inageuka njano, kisha kahawia. Acha gazeti kwenye dashibodi ya gari Dodoma kuanzia asubuhi hadi alasiri na utaona kazi imeshaanza. Ndani kwa ndani asidi nayo inakatakata nyuzi, hadi siku moja unafungua ukurasa na kona inabaki kidoleni.

Kitabu cha senti 10 hakikutarajiwa kufika siku hiyo. Watoto walikisoma, wakabadilishana, mama akakitupa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Wamarekani walihimizwa kukusanya karatasi kuukuu kwa ajili ya vita, watoto wakapita nyumba kwa nyumba na vigari vyao, na katuni zao zikaenda kwenye robota hizohizo. Kwa hiyo toleo la kwanza la Action Comics la Juni 1938, lililomleta Superman, ni adimu kwa sababu kila kitu kilifanya kazi kama kilivyokusudiwa. Mwaka 2014 nakala moja iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 3.2.  Kilichoongeza bei hiyo ni kwamba kurasa zake zilikuwa bado nyeupe.

Kisa ninachokipenda ni cha Edgar Church, mchoraji wa matangazo huko Colorado, aliyenunua katuni miaka nenda miaka rudi akazipanga kwenye chumba cha chini ya nyumba. Mwaka 1977 mfanyabiashara kijana, Chuck Rozanski, alizinunua kutoka kwa familia. Maelfu ya vitabu vya miaka ya 1930 na 1940 vilitoka vikiwa na wino uliong'aa kana kwamba vimechapwa wiki ile. Hakukuwa na siri. Colorado kuna baridi na hewa kavu, chumba kilikuwa na giza, na rundo lilibanana kiasi kwamba hewa haikupata njia ya kuingia katikati ya kurasa. Kwa mtu anayeishi Tanga au Mombasa, ambako kitabu kinaota ukungu rafuni msimu mmoja wa mvua, kisa hiki kinaumiza roho.

Miaka ya 1980 mambo yakageuka. Maduka maalumu ya katuni yalikuwa yameenea, wanunuzi walikuwa watu wazima wenye mishahara, na wachapishaji wakagundua kwamba wapo radhi kulipia karatasi. Mwaka 1982 kampuni ya DC ilianza kutoa katuni ya Camelot 3000 kwenye karatasi nyeupe nzito iliyoitwa Baxter. Ungetegemea shangwe. Nyeupe ile ilikuwa kama kuwasha taa ya stima katika chumba kilichozoea kibatari. Njano iliyokuwa ikipozwa na ukijivu sasa ilipiga kelele. Wekundu ukauma macho. Watia rangi walikuwa wamejifunza kwa miaka hamsini kukoza mno kwa sababu karatasi ingenywa nusu, na sasa karatasi hainywi. Katikati ya muongo huo ikaletwa fleksografia, yenye pleti laini za plastiki, kwa matoleo ya bei ya chini: rangi zikawa za peremende na mistari myeusi ikakondeana hadi kukatika. Mashine mpya, matokeo mabaya kuliko ya zamani.

Wajapani walikuwa wameliamua jambo hili kwa akili tofauti. Jarida la Weekly Shonen Jump huchapwa kwenye karatasi chakavu iliyorudishwa kiwandani, nene na mbaya, nyingine imetiwa rangi kidogo, kwa wino mmoja. Unalisoma kwenye treni na kulitupa. Hadithi ikipendwa, inachapwa upya kitabu kwa kitabu kwenye karatasi nzuri zaidi. Katikati ya miaka ya 1990 toleo moja la jarida hilo lilifikia nakala milioni 6.53. Mchapishaji wa Marekani alikuwa akitaka kitu kimoja kiwe cha kutupa na cha kurithisha kwa pamoja.

Ugomvi mkubwa ukahamia kwenye kuchapa upya. Vitabu vya kifahari vilivyoanza kukusanya hadithi za zamani mwishoni mwa miaka ya 1980 vilitumia rangi zilezile bapa za miaka ya 1960 juu ya karatasi ya kung'aa, na matokeo yalifanana na mtoto aliyepakwa poda kupita kiasi. Wengine wakaamua kutia rangi upya kabisa: mtia rangi John Higgins alirudi kwenye Watchmen kwa ajili ya toleo kubwa la 2005, na mchoraji Brian Bolland akaifuta rangi ya Higgins katika The Killing Joke mwaka 2008, akaweka yake, baridi na ya kijivu. Mashabiki hawajaacha kubishana. Wachapishaji wa Taschen nao, walipoanza kutoa mfululizo wa katuni za zamani za Marvel katika vitabu vizito vya bei ya kutisha, walitengenezesha karatasi maalumu isiyong'aa ili iige hisia ya ile ya gazeti. Yaani fundi amelipwa kubuni, kwa gharama, kile ambacho Wildenberg na Gaines walikichukua kwa sababu kilikuwa rahisi.

Na Hulk? Kwa miaka mingi kila kisa cha kuzaliwa kwake kilipochapwa tena, alipakwa kijani, kama mtu anayeficha picha ya zamani. Halafu mwaka 1986 waandishi wakamrudisha akiwa kijivu kwa makusudi, na hatimaye ikaelezwa kwamba kijivu na kijani ni nafsi mbili ndani ya mtu mmoja: wa kijani ana nguvu na hasira, wa kijivu ni mdogo kidogo, mjanja, mwenye maneno. Mwaka 1988 Peter David akampa huyo wa kijivu jina, Joe Fixit, akamvisha suti na kofia, na kumpeleka Las Vegas kuwa mbabe wa mlangoni katika nyumba ya kamari.