Samaki wa oscar Kigali: mfuko, hita na uzito wa tangi

KIGALI – Oscar, ambaye kitaalamu huitwa Astronotus ocellatus, ni wa familia moja na perege na sato, ila huyu hafugwi kwa ajili ya kitoweo. Asili yake ni bonde la mto Amazon, Amerika ya Kusini, na wengi wanaouzwa madukani wamezalishwa mabwawani Asia. Hununuliwa akiwa na urefu wa kidole. Baada ya mwaka mmoja au zaidi kidogo hufikia sentimita 25 hadi 30, na akitunzwa vizuri huishi miaka 10 na zaidi. Wafugaji humpenda kwa sababu humzoea anayemlisha.

Kwa anayemwingiza Rwanda, tatizo la kwanza ni mfuko. Karibu kila mahali samaki hai hufungwa katika mfuko wa nailoni, theluthi moja maji na sehemu iliyobaki oksijeni. Rwanda ilipiga marufuku mifuko hiyo kwa sheria ya mwaka 2008, na sheria ya 2019 ikaongeza vifaa vya plastiki vinavyotumika mara moja. Kibali maalumu huombwa kwa mamlaka ya mazingira, REMA, kabla mzigo haujaondoka. Dereva anayeanza kujieleza akiwa tayari Gatuna au Rusumo hupoteza saa, na saa hizo ndizo oksijeni ya samaki. Njia nyingine ni mapipa magumu yenye vifuniko na pampu ya hewa ya betri, ingawa hapo msafirishaji hulipia kubeba maji mengi kuliko samaki. Samaki wakubwa hufungwa mmoja mmoja, kwani miba ya mgongoni hutoboa mfuko, na hawalishwi siku moja au mbili kabla ya safari ili wasichafue maji.

Kwenye forodha, samaki wa mapambo wa maji baridi huingia chini ya namba 0301.11. Mzigo huhitaji pia cheti cha afya kutoka nchi unakotoka na kibali cha RICA. Suala la uasili huwachanganya wengi: oscar aliyezaliwa na kukuzwa Uganda anaweza kupewa cheti cha uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini aliyetoka Thailand hageuki Mganda kwa kulala usiku mmoja Kampala.

Kigali iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na usiku wake ni wa baridi. Oscar anataka maji ya nyuzi 24 hadi 28, kwa hiyo hita si anasa. Samaki mmoja anahitaji tangi la lita 300 hivi. Maji hayo peke yake ni kilo 300, bila kioo, mawe na meza, jambo la kufikiriwa na mwenye nyumba ya ghorofa. Kwa kuwa samaki huyu anakula sana na kuchafua sana, robo ya maji hubadilishwa kila wiki, yaani lita 75. Katika mitaa yenye mgao wa maji, hilo ni pipa zima la akiba, tena maji ya bomba yatolewe klorini kwanza.

Wapo wanaopendelea samaki wa kwetu, frontosa wa Ziwa Tanganyika, ambaye naye hufikia sentimita 30. Bujumbura ndiko kulikuwa karibu, lakini Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024. Kigoma kupitia Rusumo ni safari ndefu zaidi. Frontosa hutaka maji magumu, oscar hustahimili laini, hivyo wasichanganywe.

Oscar aliyezidi tangi asitupwe Muhazi wala Nyabarongo. Huko Florida na Queensland, Australia, ameshazaliana katika maji ya asili. Muuzaji anayeuliza ukubwa wa tangi kabla ya kupokea pesa huepuka kurudishiwa samaki wa nusu kilo, na kwa kawaida huuza tangi, hita na kichujio siku hiyo hiyo.