Karani, Mlinzi na Saa ya Doria: Gharama za Watumishi Raia wa Polisi, Ngara na Biharamulo

Hoja ya kuongeza watumishi raia katika Jeshi la Polisi huanza na hesabu inayovutia. Askari aliyepikwa katika Shule ya Polisi Moshi anashinda kaunta akiandika RB ya kila taarifa, akijaza PF3 ya majeruhi na kutafuta majalada. Ajiri karani kwa mshahara mdogo zaidi, askari arudi doria. Nani atakataa? Mimi sikatai, ila nasema hesabu hiyo imeishia njiani. Wilaya ya Ngara, mpakani na Rwanda na Burundi, iliwahi kuifanya hadi mwisho, ingawa hakuna aliyeiita hesabu.

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, ndani ya takriban saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda. Wakimbizi wakawazidi wenyeji wa wilaya nzima kwa idadi. Polisi waliokuwepo walitosha kwa wizi wa ng'ombe na ugomvi wa mashamba. Juni mwaka huohuo, kambini Benaco, umati wenye silaha za jadi uliwazingira watumishi wa misaada kupinga kuondolewa kwa Jean-Baptiste Gatete, aliyewahi kuwa meya wa Murambi nchini Rwanda, ambaye baadaye mahakama ya kimataifa ya Arusha ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari. Polisi wakafyatua risasi hewani. Baada ya hapo Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilianza kugharamia posho za askari wa Tanzania, magari na mafuta. Kando yao wakawekwa walinzi kutoka miongoni mwa wakimbizi wenyewe. Kwa jina lililotoka Usukumani na Unyamwezini, waliitwa sungusungu.

Walikuwa rahisi kuwalipa. Tena walijua kitu ambacho askari kutoka Mtwara asingekijua: lugha, na nani analala nyumba ipi. Gharama ilijificha kwingine. Mlinzi anaishi na anaowalinda. Usiku ukiisha, hana kituo cha kurudi. Katika kambi ya wakimbizi wa Burundi ya Lukole, hapohapo Ngara, ambako wafuasi wa vyama vya CNDD na PALIPEHUTU waligombea ushawishi, nafasi ya ulinzi ilikuwa pia nafasi ya siasa. Askari ikabidi awasimamie walinzi na kusikiliza malalamiko dhidi yao, na saa zake zikaliwa na usimamizi. Saa hizo haziandikwi popote katika safu ya mishahara.

Kuna la pili. Uingereza ilipobana matumizi kuanzia 2010, watumishi raia wa polisi walipunguzwa kwa wingi, kwa kuwa kisheria ni rahisi kumwachisha kazi karani kuliko afisa mwenye sare. Kazi zao hazikuondoka nao. Baadhi ziliangukia maafisa walewale waliokuwa wamekombolewa kutoka mezani. Unafuu wa raia, basi, kwa sehemu ni unafuu wa kumfukuza. Ngara nako, posho zilitegemea mfuko wa wahisani, na mfuko huo ulikuwa na uhai sawa na wa kambi.

Hata hivyo ipo nafasi moja ningeijaza kesho: mkalimani. Kihangaza cha Ngara kinakaribiana sana na Kirundi, na mwenyeji mwenye elimu ya kawaida anaweza kumwokoa mpelelezi asiandike maelezo ya kubahatisha ambayo wakili atayabomoa mahakamani. Hapo raia anafanya asichokiweza askari, na gharama yake inajitetea.

Karani wa kaunta ni habari nyingine. Katika wilaya jirani ya Biharamulo, kwenye barabara ya porini kuelekea Lusahunga na Nyakanazi, kwa miaka mingi mabasi yalisindikizwa na polisi wenye bunduki kwa hofu ya majambazi, kazi ambayo hakuna karani angeipokea. Thamani ya karani ipimwe huko porini. Kitabu cha doria kifunguliwe, zihesabiwe saa za mwezi kabla hajaajiriwa na za mwezi baada ya kuajiriwa. Zikibaki zilezile, Biharamulo itakuwa imelipa mishahara miwili kwa kaunta moja.