Sanaa Hudumu kwa Nini? Kutoka Ulimbwende hadi Ihumwa

Wahakiki wengi wa ushairi wa kilimbwende hukubaliana juu ya dhamira moja: mtu hufa, dola huanguka, sanaa hubaki. P. B. Shelley aliishughulikia katika "Ozymandias" mwaka 1818. Sanamu ya mfalme aliyejivunia nguvu zake imevunjika, imebaki jangwani. John Keats naye, mwaka 1819, alikitazama chombo cha kale cha Wagiriki akaona picha zake hazizeeki. Miaka miwili baadaye Keats akafa Roma, akiwa na umri wa miaka 25.

Je, dhamira hii inatuhusu sisi wa nyanda kavu za kati? Nasema inatuhusu sana. Ukitoka Buigiri kwenda Dodoma mjini unapita Ihumwa. Huko ndiko alikozaliwa Mathias Mnyampala mwaka 1917. Lugha ya mama yake ilikuwa Kigogo, lakini alizishika bahari za ushairi wa pwani barabara, tena akaandika historia na mila za Wagogo kwa Kiswahili. Akiwa kiongozi wa UKUTA, aliikuza ngonjera, yaani shairi la majibizano linalosemwa mbele ya watu.

Hapa ndipo ugomvi ulipo. Wapo wanaosema ngonjera zilikuwa kasuku wa siasa tu, eti zimekufa pamoja na Azimio la Arusha la 1967. Ni kweli zilitumika kueneza Ujamaa. Ni kweli pia kwamba siasa ile iliyowahamisha Wagogo wengi katika Operesheni Dodoma ya 1970 na 1971 haipo tena. Sasa mbona ngonjera ipo? Nenda mahafali ya shule ya msingi, utawakuta watoto wanajibizana kwa vina, mmoja anauliza, mwenzake anamkata kauli. Mnyampala alifariki mwaka 1969, kabla hata Ngonjera za UKUTA hazijatoka kitabuni. Kwa hiyo maudhui yamepitwa na wakati, fani imebaki hai. Mhakiki anayepima maudhui peke yake anapima nusu ya kazi.

Lakini na walimbwende nao nawapinga kidogo. Wao wanaielekeza sifa kwenye kitu chenyewe: chombo, jiwe, maandishi. Chombo cha Keats ni cha kutazamwa. Buigiri kuna shule ya watoto wasioona. Mtoto wa pale atakijuaje chombo kile? Atakijua kwa maneno: kwa kusomewa, au kwa kulipapasa shairi katika nukta nundu. Hata Shelley, ukimsoma vizuri, hakuiona habari ile kwa macho. Katika shairi lake msimulizi aliipata kwa msafiri. Jiwe lilivunjika, masimulizi yakatembea.

Basi, kwa maoni yangu, sanaa haidumu kwa sababu ni nzuri tu. Hudumu kwa sababu kuna kinywa kinachoisema na sikio linaloipokea. Diwani isiyosomwa ni sanamu nyingine jangwani. Sisi wanafunzi wa fasihi tunaowakariri Keats na Shelley kwa ajili ya mtihani, ni wangapi tuliowahi kuifungua Diwani ya Mnyampala? Tukimwacha huyu wa Ihumwa anyamaze, tusiilaumu siasa; tujilaumu wenyewe.